Saba Saba: Tarehe moja ambayo Kenya haijaimaliza

"Leo hutoki." Hivyo ndivyo mathe aliniambia asubuhi ya Jumatatu, Julai 7, 2025, akiwa amesimama mlangoni, leso kiunoni. Mimi nilikuwa nishavaa raba zangu tayari. Lakini hata ningetoka, ningefika wapi? Polisi walikuwa wamefunga barabara za kuingia katikati ya jiji la Nairobi tangu alfajiri, matatu hakuna, maduka yamefungwa. Nikakaa. Na kwa vile hatukuwa na la kufanya, mathe akanipa stori ambayo hakuwa amenipa kwa miaka 24 ya maisha yangu: Saba Saba ya kwanza, yeye alikuwepo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1990 Kenya ilikuwa na chama kimoja tu, KANU. Sheria ilikuwa imesema hivyo tangu 1982. Mwezi wa Mei, Kenneth Matiba, aliyekuwa waziri, na Charles Rubia, aliyewahi kuwa meya wa Nairobi, wakajitokeza hadharani kudai vyama vingi. Wakaitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, Jumamosi, Julai 7. Siku ya saba, mwezi wa saba. Serikali ikakataa kutoa kibali, na Jumatano ya wiki hiyo wawili hao wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi.

Waliodhani watu wataogopa walikosea. Watu walikuja bila wenye mkutano.

Mathe alikuwa na miaka 16, anauza ndizi na shangazi yake kule Gikomba, hatua chache tu kutoka Kamukunji. Anasema alikuwa hajui vyama vingi ni nini. Alichojua ni kwamba watu walikuwa wanainua vidole viwili, na ukiinua kimoja, cha KANU, wanakuangalia vibaya. Kisha vitoa machozi vikaanza kuanguka. Shangazi akaacha ndizi zote chini, akamshika mkono, wakakimbia hadi wakaingia nyumba ya mama wasiyemjua, wakalala huko. "Alitupa chai," mathe akasema. "Hata hakutuuliza majina."

Fujo zilienea hadi miji mingine na kuendelea kwa siku kadhaa. Takriban watu 20 waliuawa, na zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi tena kuwa ile ya awali. Lakini Desemba 1991 kile kifungu cha chama kimoja kikafutwa, na mwishoni mwa 1992 Wakenya wakapiga kura ya vyama vingi.

Ungedhani stori iliishia hapo. Wapi! Julai 7, 1997, watu walitoka tena, safari hii wakidai katiba ibadilishwe kabla ya uchaguzi. Polisi waliingia hadi ndani ya kanisa la All Saints Cathedral, Nairobi, wakapiga watu waliokuwa humo. Kasisi Timothy Njoya akapigwa vibaya. Watu kadhaa wakauawa siku hiyo. Miezi michache baadaye wabunge wa pande zote wakakubaliana marekebisho, likiwemo hili: ukitaka kufanya mkutano, huombi tena kibali, unatoa tu notisi.

Tangu hapo tarehe hii imekuwa kama mpira, kila kizazi kinaupokea. 2014, upinzani ulijaza Uhuru Park. 2020, vijana wa mitaani waliandamana dhidi ya mauaji ya polisi, wengine wakakamatwa. 2024, tulikutana Uhuru Park kwa tamasha la kuwakumbuka waliouawa kwenye maandamano ya Juni.

Halafu 2025. Siku iliyofuata, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilisema watu 31 walikuwa wameuawa. Mmoja wa waliopoteza maisha siku hiyo alikuwa msichana wa miaka 12, aliyepigwa risasi akiwa nyumbani kwao, Kiambu. Hakuwa barabarani. Alikuwa ndani, mahali ambapo mathe aliamini mimi ningekuwa salama.

Kitu kinachoniuma ni hiki. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinasema una haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Mathe mwaka wa 1990 hakuwa na karatasi hiyo. Mimi ninayo, iko kwenye simu. Na bado sote wawili tuliishia kujificha ndani ya nyumba, tarehe ileile.

Ajabu nyingine: Saba Saba kwa majirani zetu Tanzania ni tarehe ya furaha. Chama cha TANU kilianzishwa Julai 7, 1954, na leo siku hiyo ni sikukuu, watu wanaenda maonyesho ya biashara Dar es Salaam. UNESCO nayo ikaifanya kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Yaani wakati dunia inasherehekea lugha yetu, sisi tunahesabu maiti kwa lugha hiyohiyo.

Nilimuuliza mathe kama anajuta shangazi alivyomkimbiza siku ile. Akanitazama. "Ndizi zilipotea zote," akasema. "Sasa Matiba mnamjua, Rubia mnamjua. Lakini kulikuwa na kijana alikuwa anatusaidia kubeba mizigo. Hakurudi Gikomba tena. Mimi nilikuwa namwita Kaka tu. Jina lake sikuwahi kuuliza."

Usiku nikachukua daftari langu la zamani la chuo, lile nililoacha nusu karo iliponishinda. Nikaanza kuandika majina ya wale wa 2024 na 2025, mmoja mmoja, jinsi yalivyotajwa kwenye habari. Mathe akavuta kiti, akaniambia niache mstari mmoja mtupu hapo juu.

Nikauacha.