Je, Wajua? Utumbo wa Mtoto Kwenye Skrini

Je, wajua kwamba si kila tumbo linalomsumbua mtoto pale Matisi, Kitale, ni la minyoo? Mtoto anayehara damu wiki baada ya wiki, anayekonda na kuachwa kimo na wenzake, huenda ana uvimbe sugu wa utumbo. Hauambukizi, wala dawa ya minyoo haiutibu.

Je, wajua kwamba Burrill Crohn na wenzake wawili wa New York waliueleza mmoja wa magonjwa ya uvimbe huo mwaka 1932? Ugonjwa wa Crohn hushika popote, kinywani hadi njia ya haja kubwa.

Wajua kwa nini kamera ya kuchungulia utumbo haitoshi? Ipitishwe juu, ipitishwe chini, sehemu kubwa ya utumbo mwembamba hubaki haijaonekana.

Basi mashine ileile inayowapima wajawazito, ultrasaundi, inaweza kusaidia sana. Mtoto hulala chali, jeli ya baridi ikapakwa tumboni, na mtaalamu akabonyeza taratibu hadi chini upande wa kulia, utumbo mwembamba unapoungana na mpana. Kwenye skrini unatokea utepe wa matabaka. Ukuta mzima wa utumbo kwa kawaida hauzidi milimita 3, mwembamba kuliko punje ya mahindi. Ukivimba hunenepa, na rangi nyekundu na buluu zinazoonyesha damu ikipita huongezeka. Hakuna mionzi, na mama ameshika mkono wa mwanawe muda wote. Ningependa kila mzazi aulizie kipimo hiki kwanza.

Kipimo cha MRI nacho hakina mionzi, ila mtoto hunywa maji maalumu kwa karibu saa nzima, kisha hutulia tuli katikati ya kelele. Wadogo hulazimika kupewa dawa ya usingizi.

Kipimo cha CT ni cha haraka, lakini hutumia miale ya eksirei. Ugonjwa ni wa maisha, picha hurudiwa, na mwili unaokua hudhurika kwa urahisi zaidi.

Wajua kwamba kifua kikuu (TB) cha utumbo hupenda kona ileile ya kulia? Kwenye picha hufanana mno na Crohn. Ndiyo maana kipande cha utumbo hupelekwa maabara kabla ya matibabu: dawa za kutuliza Crohn hushusha kinga, na TB iliyojificha ikasambaa.

Ukipewa rufaa kutoka Kitale hadi Hospitali ya Moi, Eldoret, beba picha zote za awali. Huenda mtoto akaepushwa kupigwa picha upya.