Mpanda Farasi Akikosa, Apewe Adhabu Gani?

Tarehe 4 Mei, 1957, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, nchi ya Marekani, maelfu ya watu waliona kwa macho yao jambo linalosimuliwa hata leo. Mbio kubwa ziitwazo Kentucky Derby, za mwendo wa maili moja na robo, zilikuwa karibu kwisha. Bill Shoemaker, mmoja wa wapanda farasi hodari kabisa wa nchi ile, alikuwa juu ya Gallant Man, akishindana vikali na Iron Liege, farasi wa Bill Hartack. Mara Shoemaker akainuka, akasimama juu ya vikuku, kama afanyavyo mtu aliyekwisha maliza kazi yake. Kumbe nguzo aliyoiona siyo ya mwisho! Zilisalia yadi 110. Akaketi upesi, akamhimiza farasi wake, lakini Iron Liege alishinda kwa urefu wa pua tu.

Husimuliwa kwamba mwenye Gallant Man, Bwana Ralph Lowe, alikuwa ameota ndoto kabla ya siku ile, akaona mpanda farasi wake akikosea nguzo. Na Shoemaker aliambiwa habari za ndoto hiyo. Hata hivyo kosa likatendeka. Waamuzi wakamkataza Shoemaker kupanda farasi mashindanoni muda wa siku 15.

Je, adhabu hiyo ilitosha? Swali hili si la Wamarekani peke yao. Laweza kuulizwa hata Nairobi, ambako mbio zimefanywa katika uwanja wa Ngong tangu mwaka wa 1954. Mpanda farasi akikosa, hasara huwaangukia wengi. Mwenye farasi hukosa zawadi. Mfundishaji na saisi, waliomtunza mnyama miezi mingi, huona kazi yao imepotea bure. Naye aliyeweka fedha zake juu ya farasi yule harudishiwi hata senti moja.

MAKOSA HAYALINGANI

Kwa sababu ya hasara hizo, wengi hupiga kelele wakitaka mkosaji afukuzwe kabisa. Lakini yafaa kupima kwanza. Karani aliyekosea kujumlisha hesabu na karani aliyeiba fedha za ofisi wote wawili huleta upungufu katika daftari, wala hakuna bwana mwenye haki awezaye kuwahukumu sawasawa. Vivyo hivyo katika mbio za farasi yako makosa ya namna tatu.

La kwanza ni kosa la kughafilika, kama lile la Shoemaker. La pili ni uzembe wenye hatari, yaani kumwacha farasi aingie katika njia ya wenzake. Farasi wakimbiao kwa kasi wakigongana, huenda mtu au mnyama akafa. La tatu ni hila, yaani kumzuia farasi kwa kusudi asishinde, ili watu fulani wapate fedha. La kwanza lataka onyo na mapumziko mafupi. La pili lataka adhabu nzito zaidi, hata pasipotokea ajali. Na la tatu ni wizi, na mwenye kulitenda hastahili kurudi uwanjani upesi, pengine asirudi kamwe.

KUKATAZWA KUPANDA

Wengine huuliza kwa nini mkosaji asitozwe faini tu. Jibu ni kwamba faini yaweza kulipwa na tajiri kwa niaba yake, ikawa kama haikutozwa. Bali siku za kukaa chini hakuna awezaye kumkalia mwenziwe. Mpanda farasi hulipwa kwa kila mbio anazopanda, na kwa sehemu ya zawadi akishinda. Asipopanda, hapati kitu, na farasi wazuri hupewa wengine.

Ajabu ni kwamba miaka 62 baadaye, katika mbio zile zile za Kentucky, hesabu ya siku 15 ilitokea tena. Mwaka wa 2019 farasi Maximum Security alifika wa kwanza, lakini waamuzi walimwona ametoka katika njia yake na kuwazuia wengine. Akashushwa mpaka nafasi ya 17, na ushindi akapewa Country House. Mpanda farasi wake, Luis Saez, akakatazwa kupanda siku 15. Wenye farasi walikwenda mahakamani, wasifanikiwe.

Hapa pana jambo la kufikiri. Shoemaker alighafilika, akajiumiza mwenyewe na watu wake. Saez alihukumiwa kwa jambo lililohatarisha maisha ya wenzake. Hata hivyo siku zao zililingana. Mizani ya haki ingeonyesha tofauti.

Tena, mtu asiachiwe faida aliyoipata kwa kuvunja sheria. Katika Uingereza, tangu mwaka wa 2023, mpanda farasi katika mbio zisizo na viunzi haruhusiwi kumchapa farasi zaidi ya mara 6. Akizidisha mara 4 au zaidi, yeye huadhibiwa na farasi huondolewa katika ushindi. Ni kali, lakini ina maana: mwenye farasi naye atajifunza kumwonya mtu wake mapema.

KUTELEZA SI KUANGUKA

Desemba mwaka wa 2005, katika uwanja wa Leopardstown, nchi ya Ireland, kijana Roger Loughran aliinua mjeledi wake kwa furaha kabla ya kuifikia nguzo ya mwisho. Farasi wawili wakampita. Alikatazwa siku 14, lakini mfundishaji wake, Dessie Hughes, hakumtupa. Shoemaker naye, kwisha adhabu yake, alipewa tena Gallant Man mwezi wa Juni 1957, akashinda mbio za Belmont kwa urefu wa farasi wanane. Baadaye alishinda Kentucky Derby mwaka wa 1959, wa 1965 na wa 1986, alipokuwa na umri wa miaka 54. Kama angalifukuzwa kwa kosa lile moja, hayo yote yasingalikuwapo.

Wazee walisema kosa moja haliachi mke. Basi mwamuzi na aulize mambo matatu kabla ya kutaja hesabu ya siku: Je, alikusudia? Je, alihatarisha uhai? Je, amepata faida? Asiyekusudia, asiyehatarisha, wala asiyefaidika, aadhibiwe ili awe mwangalifu, kisha arudishiwe hatamu zake.