Huyu mtoto na miziki yake

Mwezi huu tumeona tuongee juu ya malalamiko tunayoyasikia karibu kila tukikaa na wazazi: "Mwalimu, huyu mtoto wangu ameharibika na miziki." Eti mtoto anajua wanamuziki wote wa Kinshasa na Bujumbura, anajua nani alitoka orkesta gani akaingia gani, lakini ukimuuliza mtihani ni lini anakukodolea macho. Pesa kidogo ikipatikana inakwenda kwa mwenye sola ili simu ipate chaji, au kwa yule kijana wa sokoni anayejaza nyimbo kwenye memori kadi. Wengine wana daftari nzima ya nyimbo, na daftari yenyewe ndiyo ile waliyopewa shuleni kwa ajili ya hesabu.

Kilio hicho tunakielewa. Hapa kambini masomo ndiyo njia ambayo kila mzazi anaitegemea, na nafasi za kuendelea mbele ni chache. Mama aliyembeba mtoto mgongoni siku nyingi za kukimbia vita hataki kumwona anacheza na bahati yake. Lakini tumewaona pia wazazi wanaochoma daftari motoni, na baba mmoja aliikanyaga redio mbele ya mtoto. Hapo ndipo tunaposema, jamani, subirini kidogo. Tuwasimulie habari ya kijana aliyependa nyimbo kupita kiasi, mpaka zikawa kazi yake ya maisha.

Kijana huyo aliitwa Hugh Tracey. Alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1903. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe, akafanye kazi ya tumbaku na kaka yake. Hakuwa amesomea muziki. Kule shambani alikuwa na wafanyakazi Wakaranga, na Wakaranga walikuwa wakiimba wakati wa kazi kama sisi tunavyoimba wakati wa kulima au kutwanga. Wazungu wengi wa siku hizo waliona nyimbo hizo ni kelele za washenzi. Tracey alijifunza lugha, akajifunza na nyimbo, akawa anaimba nao. Homa ikamshika.

Mwaka 1929 alisikia kwamba kampuni ya Columbia ya Uingereza inarekodi kule Johannesburg. Aliwachukua vijana 14 wa Kikaranga, akasafiri nao karibu kilomita 800 ili sauti zao ziingie kwenye santuri. Fikirieni barabara za wakati ule! Mkulima wa tumbaku anaacha tumbaku yake anapeleka waimbaji. Bila shaka kuna watu waliomwona amerukwa na akili, na pengine hata sisi tungemwona hivyo.

Baadaye alipata msaada kidogo wa pesa kutoka mfuko wa Carnegie wa Marekani, akazunguka vijijini kutafuta nyimbo za Washona. Msaada ulipoisha ilibidi atafute kazi ya mshahara. Alipata redioni Afrika Kusini, na kuanzia 1936 alikuwa mkuu wa studio ya Durban kwa miaka zaidi ya 10. Ni mwaka 1954 tu alipofungua kituo chake cha kuhifadhi muziki wa Afrika, karibu na Johannesburg, ambacho watu wanakiita ILAM. Hesabuni wenyewe: kutoka 1929 mpaka 1954 ni miaka 25. Kwa hiyo vijana wetu wanaodhani wataacha shule mwezi huu na mwezi ujao waishi kwa muziki, wasome tena hesabu hiyo. Mtu huyu aliishi kwa mshahara wa kazi nyingine huku ushabiki wake ukiendelea kukua.

Sasa tuangalie alivyofanya kazi, maana hapo ndipo kuna somo hata kwa watoto wetu. Alisafiri na gari lililobeba mitambo pamoja na jenereta. Jenereta ina kelele, kila mtu hapa anajua, basi aliiweka mbali kabisa na wachezaji akavuta waya mrefu. Mikrofoni hakuisimamisha chini. Aliishika mkononi, akawa anasogea kwa mwimbaji, halafu kwa mpiga ngoma, halafu anarudi, kama sikio linalotembea. Na kwa kila wimbo aliandika: nani anaimba, kabila gani, lugha gani, mahali gani, chombo gani, wimbo ni wa kazi au wa arusi au wa kumbembeleza mtoto. Katika safari zake za miaka ya 1950 alipita Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Rwanda. Mkusanyo mmoja tu aliotoa una santuri 210. Leo mtu akitaka kusikia ngoma za mfalme wa Rwanda zilivyolia 1952, atazisikia kwa sababu ya homa ya yule mkulima.

Wazee wetu wa Katanga watafurahi na sehemu hii. Mwaka uleule wa 1952 Tracey alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi kijana mpiga gita anayeitwa Mwenda Jean Bosco. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini ukisikiliza unaweza kuapa kwamba ni magita mawili. Aliimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili cha kwetu Katanga. Wimbo wake "Masanga" ulitembea mbali sana, ukafika Kenya, na wapiga gita wa kule wakakaa chini kuuiga. Tuseme pia jambo la kuchekesha: Tracey mwenyewe alipenda zaidi muziki wa zamani, wa mbira na ngoma na marimba, hakuwa na hamu kubwa na muziki uliochanganywa na wa Kizungu. Lakini sikio la shabiki lina heshima yake. Aliposikia kitu kizuri, hata kama ni gita, alikichukua.

Na santuri za Mwenda zikazaa shabiki mwingine huko mbali. Mwingereza mmoja kijana, John Low, alizipenda mpaka akaamua kwenda kuwatafuta wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alisafiri mpaka Shaba, ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati wa Mobutu. Huko alijifunza kwa Mwenda mwenyewe, na kwa Losta Abelo na Edouard Masengo, wakongwe wa gita ambao wakati ule vijana wa mjini walikuwa hawawasikilizi sana tena. Alirudi akaandika kitabu juu ya safari hiyo, kikatoka 1982. Mwenda alifariki 1990 kwa ajali ya gari. Leo kama kuna watu Ulaya na Marekani wanaoweza kukuonyesha vidole vyake vilikuwa vinakwenda wapi kwenye nyuzi, ni kwa ajili ya kazi ya mashabiki wa namna hiyo.

Mtu atasema: hao ni Wazungu, walikuwa na magari na nauli. Ni kweli, na tusilifiche. Tracey alizunguka wakati wa ukoloni, milango ilikuwa wazi kwake kwa sababu ya rangi yake, na nyimbo za wazee wetu zilikwenda kukaa kwenye makabati ya mbali wakati wenye nyimbo hawakuwa hata na kifaa cha kuzisikilizia. Swali la nani alikula faida mpaka leo linaulizwa, na ni haki liulizwe.

Lakini ushabiki wenyewe haukuwa mali ya Wazungu. Huko Kenya, kwa Wakipsigis, watu walikuwa wamesikia kwa gramafoni sauti ya Mmarekani mmoja anayeitwa Jimmie Rodgers. Huyo alikuwa mfanyakazi wa reli, mpiga gita, aliyefariki 1933 kwa kifua kikuu. Hawakujua Kiingereza chake, lakini walimpenda. Jina likageuka mdomoni likawa Chemirocha, na mwenye jina akageuka kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa. Wasichana wakamtungia wimbo. Tracey alipopita 1950 aliurekodi. Marehemu wa Marekani hakujua kabisa kwamba ana mashabiki kwenye vilima vya Kericho! Miaka zaidi ya 60 ikapita, ndipo watu wa ILAM wakazirudisha nyimbo zile kwa wenyewe, na alikutwa hata mzee aliyekuwa kijana siku zile za kurekodi. Hebu fikiria kusikia sauti za ujana wako zinatoka kwenye kimashine.

Tumelisimulia hilo kwa sababu linatugusa sisi. Tulipokimbia kila mtu alibeba alichoweza: sufuria, mtoto, cheti kama kilikuwa karibu. Nyimbo hazikuhitaji mzigo, zilikuja kichwani. Humu kambini kuna bibi anayejua nyimbo za kutwanga za kijiji ambacho hakina watu tena. Kuna mzee aliyekuwa mpiga likembe, na likembe ilibaki nyumbani. Kila tukitoka kwenye mazishi ya mzee mmoja tunajiuliza alikuwa anajua nini. Na wajukuu wao waliozaliwa hapa wanajua nyimbo za simu tu.

Ndiyo maana wale watoto wenye daftari sisi tunawaangalia kwa jicho lingine. Mtoto anayeandika maneno ya wimbo anasikiliza mara 10 mpaka apate neno moja. Anajifunza kuandika Kilingala, Kirundi, Kifaransa bila kupigiwa kengele. Tuna msichana darasani, hesabu zinamshinda, lakini ukimpa wimbo atakuambia ni wa mwaka gani, nani anapiga solo na nani aliutunga. Kichwa kinachoshika hayo yote hakiwezi kuitwa kizito. Tulimwambia afanye jambo moja tu zaidi: aende kwa bibi yake na daftari ileile, aandike kama alivyoandika Tracey. Jina la mwimbaji. Kijiji. Lugha. Aliyemfundisha. Unaimbwa wakati gani. Mwanzo alicheka, akasema nyimbo za bibi hazina solo. Wiki iliyofuata alirudi na kurasa nne, na bibi sasa anamtuma mtu kuuliza mbona mtoto haji.

Je, hiyo itampa kazi? Hatuwezi kuahidi. Tunachojua ni kwamba muziki una kazi nyingi kuliko kuimba: kuna mtangazaji wa redio, fundi wa mitambo, mwandishi, mtengenezaji wa magita, mwalimu, mtunza kumbukumbu. Zote zinataka mtu anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa hiyo, baba na mama, mkitaka mtoto ashike hesabu, msichome daftari ya nyimbo. Mpeni masharti: hesabu kwanza, nyimbo baadaye, na chaji ya simu isitoke kwenye pesa ya sabuni. Na ninyi vijana, daftari ya shule ni ya shule. Nyimbo ziandikwe kwenye nyingine, hata kama ni karatasi za boksi mmezishona kwa uzi.

Kuanzia mwezi huu, Jumamosi mchana baada ya masomo ya marudio, tutakuwa darasani na daftari moja kubwa ya nyimbo za wazee. Siku ya mgao hatutakaa, maana tunajua wote mtakuwa kwenye foleni. Mwenye simu inayorekodi aje nayo ikiwa na chaji. Wazee wasioweza kutembea, tumeni mtoto atuambie mnakaa blok gani, tutakuja wenyewe. Na kama kuna mtu ana likembe au anajua kuitengeneza, tunamtafuta sana. Bati na mbao tumeshapata, tunakosa vyuma vyembamba vya kupigia.