Kijana mrefu huchukua miaka mingapi kuiva katika vikapu vya chuo?

KILA kijana wa futi sita na inchi tisa anaposhuka kutoka kwenye matatu mjini Kitale, hakosi mtu wa kumwuliza kwa nini hayuko Marekani akicheza mpira wa vikapu. Swali hilo huulizwa kwa nia njema, ingawa mara nyingi muulizaji hajui kama kijana mwenyewe amewahi kuushika mpira huo. Katika eneo hili vijana warefu si jambo la ajabu. Barabara ya kuelekea Lodwar, Kakuma na mpaka wa Sudan Kusini hupitia hapa, na katika shule za Trans Nzoia na Bungoma huwakosi wavulana wanaoinama kupita mlangoni.

Lakini kati ya kuinama mlangoni na kuisaidia timu ya chuo kushinda pana safari ndefu. Asiyeielewa safari hiyo anaweza kupata hasara kubwa. Mzazi atauza ng'ombe alipie pasipoti, visa na nauli, akitarajia mwanawe atang'aa katika msimu wa kwanza. Baada ya miezi sita anaambiwa kwamba kijana hukaa benchi, huingia uwanjani kwa dakika nne, kisha hutolewa akiwa na madhambi matatu. Nyumbani watu huanza kunong'ona kwamba kijana amepotea, ilhali huenda mambo yanakwenda jinsi yanavyostahili kwenda.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, alianza mchezo huu akiwa na umri wa miaka 15. Kwa mchezaji wa vikapu, huko ni kuchelewa. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka wa 2006 chini ya kocha Jim Calhoun. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.2 na ribaundi 6.4 kwa mechi, yaani mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa kikapu. Timu yake ilishinda mechi 17 na kupoteza 14. Msimu wa pili alifikisha pointi 10.5 na ribaundi 7.9. Wa tatu, 2008-09, akawa na pointi 13.6 na ribaundi 10.8, Connecticut ikafika nusu fainali ya kitaifa, naye akawa mmoja wa wachezaji wawili waliotangazwa bora katika ligi ya Big East.

Sasa tazama takwimu moja ambayo haikupanda kwa namna hiyo. Mitupo aliyoizuia ilikuwa 3.8 kwa mechi mwaka wa kwanza, 4.5 wa pili na 4.2 wa tatu. Kuzuia mitupo ndicho kitu alichokuja nacho. Urefu ulimpa bure. Yaliyobaki ndiyo aliyofundishwa kwa miaka mitatu: kusimama imara anaposukumwa, kuupokea mpira katikati ya msongamano bila kuudondosha, na kumaliza mechi bila kutolewa kwa madhambi.

Hilo la madhambi linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo huwakwaza vijana wengi warefu. Mechi ya chuo huchezwa kwa dakika 40, na mchezaji hutolewa akifikisha madhambi matano. Kijana aliyezoea kuwa mrefu kuliko wote shuleni kwao huangusha mikono juu ya kila anayekuja na mpira, kwa kuwa hapo nyuma hakuna aliyemwadhibu. Chuoni hufundishwa kuruka wima, mikono ikiwa juu, na kuiacha ikae huko hata mpinzani akimgonga kifuani. Ni somo rahisi kulieleza, ila mwili huchukua mwaka mzima kulikubali.

Kisha lipo suala la miguu. Wapinzani hawatamwacha jitu asimame chini ya kikapu kwa raha zake. Mwenzao atamzibia njia mlinzi wa mwenye mpira, na jitu litalazimika kutoka nje, kumchelewesha mshambuliaji mwepesi, kisha kurudi mbio kwa mtu wake kabla pasi haijafika. Haya yote hutukia ndani ya sekunde mbili au tatu. Kijana mwenye kilo 90 hufanya hivyo mara tano kisha pumzi humwishia. Ndiyo maana mwaka wa kwanza huwa zaidi wa chakula, vyuma na mbio kuliko wa pointi.

Hakeem Olajuwon wa Lagos ndiye anayeonyesha vyema zaidi kwamba miguu inaweza kutayarishwa hata pasipo uwanja wa vikapu. Kabla ya kuujua mchezo huu alikuwa kipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono. Alifika Chuo Kikuu cha Houston mwaka wa 1980, na msimu wa 1980-81 hakucheza hata mechi moja. Uliofuata alipata wastani wa pointi 8.3 tu. Wakati wa likizo alikuwa akipambana na Moses Malone, jabali la timu ya Houston Rockets, ambaye hakumhurumia. Kufikia 1983-84 alikuwa na pointi 16.8, ribaundi 13.5 na mitupo 5.6 iliyozuiwa kwa kila mechi, na mwaka huo wa 1984 akachaguliwa wa kwanza kabisa na NBA. Zile hatua fupi za haraka zilizowachanganya mabeki wake kwa miaka mingi, yeye mwenyewe alizihusisha na kandanda na mpira wa mikono. Michezo hiyo miwili inachezwa katika shule nyingi za Bungoma na Trans Nzoia, hata zile zisizo na uwanja wa vikapu wa saruji. Mwalimu wa michezo anayemwondoa kijana mrefu katika mpira wa mikono ili "asipoteze wakati" huenda anamnyima darasa lake bora.

Miongoni mwa vijana wa sasa yuko Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa Kawempe, Kampala, ng'ambo ya mpaka tu kutoka hapa. Alianza vikapu mwaka wa 2019, akapelekwa katika akademia ya NBA nchini Senegal, akacheza Ligi ya Vikapu ya Afrika kwa misimu mitatu, na mwaka wa 2024 akaichezea nchi yake katika Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Aliingia Chuo Kikuu cha Duke mwaka huohuo, akapata wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6. Mwezi Juni 2025 alichaguliwa wa kumi na NBA.

Anayetazama juu juu atasema Maluach aliiva kwa mwaka mmoja. La hasha. Mwaka wa Duke ulitanguliwa na miaka mitano ya mafunzo ya kila siku. Na hata yeye alipewa kazi chache tu: kuzibia wenzake njia, kukimbia, kutia mipira ya juu kikapuni na kulinda. Katika nusu fainali ya Aprili 2025, Duke iliposhindwa 70-67 na Houston, alicheza dakika 21 bila kudaka ribaundi hata moja. Wapinzani walikuwa wafupi kwake lakini wakubwa kwa umri na wenye mapaja mazito, wakamsukuma mbali na kikapu.

Hapo ndipo tatizo la leo lilipo. Tangu 2021 mchezaji wa chuo cha Marekani anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka, na tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kocha anayehitaji mchezaji wa kati sasa humchukua mwenye miaka 22 aliyekwisha kuiva kwingineko. Ile subira iliyowalea Olajuwon na Thabeet imekuwa adimu. Mgeni mwenye visa ya mwanafunzi naye hubanwa na masharti ya kazi, hivyo fedha hizo mpya humpita kando wakati ushindani ukizidi.

Wala kuiva chuoni si kuiva moja kwa moja. Thabeet alichaguliwa wa pili mwaka wa 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha akateremshwa ligi ya chini. Sababu mojawapo ni ya kanuni: chuoni mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu kwa muda apendao, bali NBA humfukuza baada ya sekunde tatu ikiwa hamlindi mtu kwa karibu. Faida yake kubwa ikapungua, na ustadi wa kufunga haukuwa umekomaa kuijaza nafasi hiyo.

Kwa wazazi wa huku, kuna jambo moja la kalenda ambalo hawaelezwi mapema. Kwa miongo mingi vyuo vya daraja la kwanza Marekani vimefuata kanuni ya misimu minne ndani ya miaka mitano. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku kijana anapojisajili kwa masomo kamili katika chuo chochote duniani, cha Kenya kikiwemo. Kijana aliyekwisha kusoma miaka miwili katika chuo kikuu cha hapa, kisha akapata ufadhili wa vikapu, hufika huko akiwa amebakiwa na mitatu, na mmoja kati ya hiyo huishia kwenye chakula, vyuma na mbio.