Maji, Mzimu na Jina: Masimulizi ya Mahali Patakatifu katika Pwani ya Waswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza masimulizi yanayohusu mapango, visiwa na visima vinavyoheshimiwa kuwa mahali patakatifu, au vilivyomo ndani ya mahali hapo, katika pwani ya Waswahili. Mifano inatoka Mangapwani (Unguja), Misali (Pemba) na Gede (Kenya). Hoja kuu ni kwamba masimulizi hayo hayahifadhi historia kwa kuorodhesha matukio, bali kwa kueleza nani ana haki ya kutumia mahali na kwa masharti gani. Kwa hiyo, mtafiti anayenukuu kisa na kuacha jina na miiko ya mahali hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi.

1.0 Utangulizi

Sehemu kubwa ya mwambao na visiwa vya Afrika Mashariki imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mvua inaponyesha, maji hupenya upesi katika mwamba huo na mito ya juu ya ardhi huwa michache. Maji baridi hukaa chini, yakielea juu ya maji ya bahari yaliyoingia ardhini. Yakitekwa kupita kiasi, kisima huingia chumvi. Katika mazingira hayo, kisima ni sharti la kuwapo kwa mji, na anayekimiliki ana kauli juu ya nani akae na nani apite.

Hali hiyo inaeleza kwa nini maji na utakatifu hukutana mara kwa mara katika fasihi simulizi ya pwani. Hata hivyo, masimulizi haya yamekuwa yakisomwa kwa njia mbili zinazopingana: ama kama kumbukumbu ya mambo yaliyotokea kweli, ama kama imani tupu isiyo na thamani kwa mwanahistoria. Makala haya yanapendekeza usomaji wa tatu, unaoanzia kwenye lugha yenyewe.

2.0 Neno mzimu

Mzizi -zimu umeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Kiganda kina omuzimu, Kinyarwanda umuzimu na Kishona mudzimu. Maana ya msingi katika lugha hizo ni roho ya aliyekufa. Kiswahili kinaitambua maana hiyo, lakini kimeongeza nyingine yenye uzito sawa: mzimu ni mahali panapofanyiwa tambiko, uwe mti, pango, jabali au shimo la maji. Mtu huweza kusema kwamba anakwenda mzimuni bila kulazimika kumtaja marehemu yeyote. Mzimuni pia ni jina la mtaa katika jiji la Dar es Salaam.

Sarufi inathibitisha mwelekeo huo. Katika Kiswahili sanifu neno hili limo katika ngeli ya U-I (mzimu huu, mizimu hii), ingawa wazungumzaji wengi huliwekea upatanisho wa A-WA wanapomaanisha kiumbe. Mzizi huohuo unazaa kuzimu, ambako ni mahali. Wazimu, ambao ni hali. Na zimwi, ambaye ni kiumbe wa hadithi. Hivyo msemaji wa Kiswahili ana nafasi ya kutenganisha roho na makao yake, na kuyaheshimu makao hata pale ambapo jina la mwenye roho limesahauliwa. Hili ni jambo la msingi: kinachodumu ni mahali na mwenendo unaotakiwa hapo.

3.0 Mangapwani: jina la bwana, kisa cha mtumwa

Mangapwani iko katika pwani ya magharibi ya Unguja, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Jina lake linaunganisha pwani na Manga, yaani Uarabuni, hasa Omani. Hapo pana pango la asili lenye maji baridi. Inasimuliwa kwamba kijana mtumwa aliyekuwa akichunga mbuzi wa bwana wake alipotelewa na mmoja wao. Mbuzi huyo alikuwa ameangukia shimoni, na kijana aliposhuka kumtafuta alikuta maji. Pango likawa mahali pa kuteka maji, na wapo wanaoliheshimu kuwa mzimu na kuacha humo sadaka.

Mnyama anayemwongoza mtu kwenye maji ni motifu inayopatikana katika fasihi simulizi za jamii nyingi. Kwa hiyo kisa hiki hakiwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa tukio la siku fulani. Lakini motifu hiyo haimlazimishi msimulizi amtaje mtumwa. Mgunduzi angeweza kuwa mwindaji, shehe au bwana mwenyewe. Uteuzi wa mtumwa unasema jambo kuhusu jamii: waliochunga, waliolima na waliobeba maji ndio walioijua ardhi. Jina la mahali linamkumbuka Mwarabu. Kisa kinamkumbuka aliyemtumikia bwana. Vyanzo hivi viwili vikisomwa pamoja vinatoa picha ambayo kimojawapo peke yake hakiwezi kuitoa.

Umbali mfupi kutoka pango hilo pana chumba kilichochongwa katika mwamba, kinachohusishwa na kufichwa kwa watumwa baada ya mkataba wa 1873 kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Utumwa wenyewe uliondolewa hadhi ya kisheria Zanzibar mwaka 1897. Mahali hapo pawili huchanganywa na wageni, na mchanganyiko huo una gharama. Pango la maji likigeuzwa kuwa shimo la mateka, kijana aliyegundua maji hutoweka, na mtumwa hubaki katika historia kama mtu aliyetendwa tu, asiyetenda lolote.

4.0 Misali: kisiwa kuwa msala

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, kisicho na makazi ya kudumu, ambako wavuvi hupiga dago. Inasimuliwa kwamba Nabii Khidhri aliwatokea wavuvi akawaomba msala wa kusalia. Walipokosa, alisema kuwa kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea Makka, kitakuwa msala wake. Wenyeji hulieleza jina Misali kwa kisa hiki.

Kifonolojia, maelezo hayo yana kasoro. Wingi wa msala ni misala, na hakuna kanuni ya jumla ya Kiswahili inayoigeuza irabu ya mwisho /a/ kuwa /i/ katika mazingira hayo. Lakini kuonyesha kasoro hiyo hakumalizi uchambuzi. Khidhri, ambaye katika mapokeo ya Kiislamu anahusishwa na maji ya uhai, anakigeuza kisiwa kuwa chombo cha ibada, na chombo cha ibada hakichafuliwi. Jina linakuwa agizo. Misali ilipotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na baadaye wavuvi walipofundishwa uhifadhi kwa misingi ya Kiislamu, hoja ya utunzaji ilikuta ardhi iliyokwisha kutayarishwa na masimulizi.

5.0 Gede: mwiko unaobaki kisima kinapokauka

Magofu ya Gede, karibu na Malindi, yanaonyesha mpaka wa hoja hii. Mji huo ulikuwa na misikiti, nyumba za mawe na visima virefu. Mojawapo ya makaburi yake lina tarehe inayolingana na mwaka 1399. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake ni kushuka kwa maji ya ardhini, na kisima kilichoongezwa kina ni sehemu ya ushahidi huo. Lakini masimulizi yanayosikika zaidi ni ya roho za wazee wanaoyalinda magofu na kumwadhibu anayeyaharibu. Hapa fasihi simulizi haielezi kwa nini mji ulikufa. Inaeleza jinsi ya kukaa na mji uliokufa. Anayetafuta sababu za kuhamwa atazipata kwa jembe la mwanaakiolojia, na anayetafuta sababu za magofu kuheshimiwa atazipata kwa wasimulizi.

6.0 Hitimisho

Mifano mitatu imeonyesha kwamba kisa, jina na mwiko ni sehemu za matini moja. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, inatoa funzo hilohilo: msitu ulisalia kwa sababu wazee walishika masharti ya kuuingia. Ukusanyaji wa fasihi simulizi unapaswa basi kurekodi, pamoja na kisa, jina la mahali kwa matamshi ya wenyeji, mambo yanayokatazwa hapo, na watu wenye mamlaka ya kuruhusu. Kisa kinaweza kusimuliwa popote. Mwiko una maana mahali pake tu, na mabomba ya maji yanapofika kijijini, ndio unaotangulia kusahauliwa.