Televizio Plati: Tuanze Kutazama Mgongo Wake



Kila mara sikukuu zinapokaribia, wengi wetu hapa Butembo tunatumwa na wazazi kwenda mjini kuuliza bei ya televizio. Wanatutuma sisi kwa sababu, kama wanavyosema, «ninyi mulisoma, munajua ile maandiko ya ku karatoni». Je, ndugu, tunaijua kweli? Mimi niko mwanafunzi wa seksio ya umeme na sikuijua. Nitawaeleza namna nilivyojifunza, sababu masomo hayo yalitugharimu.

Miaka miwili imepita, papa aliuzisha kahawa, tukaenda pamoja kununua televizio ya okazio, inchi 43, dola 170. Muuzaji aliiwasha mbele yetu: mpira unachezwa, majani ya uwanja kijani mpaka unataka kulala juu yake. Hakuna mtu kati yetu aliyeigeuza kutazama nyuma. Siku ya 19, saa moja ya jioni, umeme ulikatika, kiisha ukarudi kwa nguvu. Tulisikia «pa!» na harufu ya plastiki yenye kuungua. Fundi alitaka dola 60, nasi hatukuwa nazo. Zaidi ya hiyo, ndani ya zile dola 170 mlikuwa minervali ya dada yangu mdogo. Alikaa nyumbani wiki tatu mpaka mjomba alipotukopesha.

Basi tuanze ku mgongo. Nyuma ya kila televizio kuko kibandiko kidogo. Pale wameandika volti yenye televizio inakubali, na wati yenye inakula. Tafuta ile iliyoandikwa 100-240 V. Maana yake ni kwamba chombo cha ndani kinachopokea umeme kinaweza kufanya kazi hata kama umeme unashuka mpaka 150, jambo lenye tunajua sana saa za jioni, wakati kila nyumba inawasha pasi na jiko. Televizio iliyoandikwa 220-240 V tu itazimika na kuwaka, kuzimika na kuwaka, na mchezo huo unaichokesha upesi. Ile yetu, nilipokwenda kusoma kibandiko chake (kiisha kifo chake, bana!), kilisema 220-240.

Lakini hata 100-240 haikingi na ule umeme unaorudi kwa kishindo. Umeme ukikatika, ondoa fishi ku prizi, usizime na telekomandi tu, kwa maana televizio iliyozimwa na telekomandi ingali imeungwa na waya. Ngoja dakika tano hivi kiisha umeme kurudi, ndipo uirudishe. Kuko pia vyombo vya kukinga vyenye kungoja vyenyewe dakika chache mbele ya kupitisha umeme. Mwenye kuwa na dola 200 anunue televizio ya 180 na chombo hicho, asinunue televizio ya 200.

Sasa wati. Wale wenye kutumia grupu ya mtaa ao pano ya jua, hapa ndipo hesabu yote inakaa. Chukua televizio ya inchi 32 inayokula wati 40. Ukiitazama saa 4 kila jioni: 40 mara 4 ni 160. Ongeza kile kinachopotea ndani ya konvertisere, tuseme inafika 190. Bateri ya volti 12 na amperi-saa 100 iko na 1200 ndani yake, lakini bateri ya risasi haipendi kutolewa zaidi ya nusu. Basi tuko na 600. Kwa hiyo televizio hiyo inaweza kucheza jioni tatu hata kama jua halikutoka. Sasa chukua ile kubwa ya inchi 55 inayokula wati 120. Saa 4 ni 480, pamoja na kinachopotea karibu 560. Jioni moja tu, bateri imekwisha! Na ampula za kusomea je? Na simu za watu wote wa nyumba? Mwanafunzi mwenye mtihani kesho atasomea gizani sababu ya mpira. Zipo pia televizio ndogo zenye kuungwa moja kwa moja ku bateri ya volti 12, bila konvertisere. Kwa nyumba isiyo na umeme wa waya, ningeanza kutafuta hizo kwanza.

Kuhusu ukubwa, inchi (ku duka wanasema «puse») inapimwa toka pembe moja ya kioo mpaka pembe ya upande mwingine, kwa kukata katikati. Inchi moja ni sentimetre 2,54. Kwa hiyo 32 ni sentimetre 81 kwa kukata, lakini upana ni karibu 71 na urefu wa kusimama 40. Pima meza yenu na kamba kabla ya kutoka nyumbani.

Picha ni mkusanyiko wa vitone vidogo sana. Ile wanaita HD ya kawaida iko na vitone 1366 kwa 768. Full HD ni 1920 kwa 1080. 4K ni 3840 kwa 2160. Muuzaji atakuambia 4K inashinda, naye hasemi uongo. Lakini jicho la mtu liko na mpaka wake. Kwa televizio ya inchi 32 yenye HD ya kawaida, ukikaa mbali kupita mita 1,8 hivi, jicho zuri haliwezi tena kutofautisha kitone na kitone. Sebule zetu, viti vimepangwa ku ukuta, mita mbili na nusu ao tatu. Ukilipa zaidi kwa ajili ya 4K pale, unalipa vitone ambavyo hakuna mtu wa nyumba atakayeviona. Tena ujihadhari: karatoni inaweza kuandikwa «4K» kwa herufi kubwa, na maana yake ni kwamba televizio inakubali kupokea picha ya 4K, kiisha inaipunguza. Uliza hesabu ya vitone vya kioo chenyewe.

Na neno LED? Hiyo ni taa tu. Kioo cha mbele hakitoi mwangaza. Nyuma yake mmepangwa taa ndogo zenye kukiangazia. Jambo hili ni la faida kubwa kwa mwenye kununua okazio, sababu taa hizo ndizo zinakufa mara nyingi. Ukisikia sauti lakini kioo ni cheusi, leta tochi, uiangazie karibu na kioo kwa upande. Ukiona watu wanatembea mule ndani kama vivuli, kioo ni kizima, taa ndizo zimekufa, na fundi anaweza kuzibadilisha. Lakini kioo chenye ufa, hata mdogo ku pembe, uache pale pale. Kukibadilisha kunakaribia bei ya televizio mpya. Uje pia na flashi yenye picha moja nyeupe kabisa, uiweke ku kioo chote: vitone vilivyokufa na madoa yataonekana mara moja.

Ile ya kuingia ku intaneti ni nzuri kwa wenye mega nyingi. Saa moja ya filamu ya HD inaweza kula gigabaiti mbili ao tatu. Kwetu sisi, ni heri kutazama kama iko na mahali pa flashi, HDMI, na zile tundu tatu za rangi (nyekundu, nyeupe, manjano), kwa maana dekoderi nyingi za zamani zinataka hizo. Ikiwa imeandikwa T2, inaweza kupokea stesheni za dijitali za antena bila dekoderi, pale zinapofika bila kufungwa. S2 ni vile vile kwa paraboli.

Kiisha kununua, iko kazi ya kufika nyumbani, na pikipiki inavunja vioo vingi. Televizio plati isilazwe mapajani kama mfuko wa unga. Isimame wima ndani ya karatoni yake, katikati yako na mwenye kuendesha, na mikono miwili. Vitu hivi vingi vimekwisha kusafiri toka bandari ya Mombasa, kupita Uganda na Kasindi, juu ya lori. Kwa hiyo shurti karatoni ifunguliwe na televizio iwashwe mule mule dukani, mbele ya kutoa dola. (Na dola zako, zisiwe na tundu hata dogo, munajua mambo yetu.)

Sisi nyumbani tulinunua ya pili mwezi wa 12 uliopita: inchi 24, 100-240 V, wati 28. Papa alicheka, akasema imekuwa dirisha la choo. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeigeuza kwanza dukani, akavaa lunete yake, akasoma kibandiko kwa sauti. Mwenye duka aliandika ku fakitire nambari yenye iko mgongoni, pamoja na «garanti siku 30». Karatoni tuliiweka chini ya kitanda mpaka siku ya 31.