Hekalu la Apollo la Bassae

Hekalu la Apollo Epikourios, yaani Apollo Msaidizi, liko Bassae, katika milima ya Peloponnesi kusini mwa Ugiriki, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Lilijengwa na watu wa mji wa Phigaleia katika nusu ya pili ya karne ya 5 KK. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliandika kwamba walimjengea Apollo kwa shukrani baada ya kuokoka na tauni. Alimtaja pia msanifu wake kuwa Iktinos, aliyeshiriki kusanifu Parthenon ya Athens, ingawa baadhi ya wataalamu wanalipinga dai hilo.

Kwa nje, hekalu linafuata desturi ya kale. Limezungukwa na nguzo za mtindo wa Kidoriki, 6 mbele na nyuma na 15 kila ubavu, za mawe ya chokaa ya kijivu yapatikanayo hapo hapo. Mahekalu mengi ya enzi hiyo yalikuwa na nguzo 6 kwa 13, hivyo hili ni refu na jembamba zaidi. Tena linaelekea kaskazini, ilhali mengi ya Kigiriki huelekea mashariki.

Upya wake umo ndani. Nguzo za Kiionia zimeshikizwa ukutani kwa kuta fupi, na juu yake ulipita ukanda wa michongo ya marumaru wenye urefu wa mita 31 hivi, unaoonyesha vita vya Wagiriki na Waamazoni, na vya Walapithi na Makentauri, viumbe nusu mtu nusu farasi. Mwisho wa ukumbi ilisimama nguzo yenye kichwa kilichochongwa majani ya akantho, ambayo ndiyo ya kale zaidi inayojulikana ya mtindo wa Kikorintho. Kwa hiyo mitindo yote mitatu ya Kigiriki ilikutana katika jengo moja.

Msanifu Mfaransa Joachim Bocher alilifikia hekalu mwaka 1765. Ukanda ulifukuliwa miaka ya 1811 na 1812, ukanunuliwa na Uingereza, na mabamba yake 23 yamo British Museum, London. Kile kichwa cha Kikorintho kilipotea. Umbo lake linajulikana kwa michoro ya wachimbuaji.

Mwaka 1986 UNESCO ililiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia, la kwanza nchini Ugiriki. Tangu 1987 limefunikwa kwa hema kubwa ili mvua na barafu visiendelee kuyala mawe yake wakati wa ukarabati.